Mshamu Mlamba-mawe na Moyo wa Dola

Hapo zamani, zamani ambazo hata sisi tulioota mvi bila kuota akili hatukuziwahi, palikuwa na mji uitwao Kimbirani, na katika mji huo palikuwa na fundi wa mawe, jina lake Mshamu. Alikuwa masikini wa kutajwa. Mimi nimetembea miji mingi, nimeona masikini wa kila namna, na mara nyingine nikajiona mwenyewe miongoni mwao. Lakini umasikini wa Mshamu ulikuwa wa daraja. Panya wa nyumba yake walikwenda kula kwa jirani, wakarudi kwake kulala tu.

Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe ghafi, yale ambayo wewe na mimi tungemrushia mbwa, na kutoa ndani yake vito vya pete. Hulinatisha jiwe kwenye ncha ya kijiti kwa sandarusi iliyoyeyushwa, akaliegemeza kwenye gurudumu la jiwe la mchanga, akalizungusha gurudumu kwa mguu huku maji yakidondoka juu yake tone kwa tone. Kwanza huliondoa ganda. Kisha hulipa umbo la mgongo wa kobe, chini bapa, juu nundu, lisilo na pembe hata moja. Kisha hulisugua kwa mchanga laini, na laini kuliko huo, na mwisho kwa ngozi ya mbuzi iliyopakwa majivu ya pumba za mpunga, mpaka jiwe likutazame kama jicho la samaki aliyevuliwa sasa hivi.

Walakini kabla ya yote hayo alikuwa na ada moja, nayo ndiyo iliyomponza. Jiwe ghafi likiwa kavu halisemi kitu. Rangi yake imejifungia ndani kama mwari. Likilowa husema kweli. Basi Mshamu kila aokotapo jiwe hulilamba. Hulamba upande huu, akaligeuza, akalamba upande wa pili, akafumba jicho moja, akasema, "Naam, umo," au, "Humo, nenda zako," akalitupa. Watu wa Kimbirani, ambao kazi yao kubwa ilikuwa kuwapa wenzao majina, wakamwita Mlamba-mawe. Wakipita mlangoni pake husema, "Mshamu, leo mawe ya nazi au ya kukaanga?"

Naye hujibu, "Leo makavu, ndugu zangu. Mchuzi nimewaachia wenye meno."

Sasa mji huo ulitawaliwa na Sultani Badawi, mtu mwenye kilemba kikubwa na chini ya kilemba hapakuwa na wapangaji wengi. Mwaka mmoja kabla ya mambo haya alifika mfanyabiashara mgeni, amebeba bakuli la shaba limejaa mafuta, na ndani ya mafuta mna jiwe kubwa kama nazi iliyofuliwa. Lilikuwa likimeremeta ndani ya yale mafuta kama kaa la moto. Mgeni akasema, "Maulana, jiwe hili jina lake Moyo wa Dola. Alimilikiye, dola yake haianguki. Lakini likipungua chembe moja, na dola yake hupungua." Sultani akatoa kwa jiwe lile shamba zima la mikarafuu na punda wake weupe watatu, na yule mgeni akaondoka siku ile ile, na mbio za punda wale zilionyesha kwamba hakuwa na nia ya kurudi kusalimu.

Basi jiwe likatolewa katika mafuta, likawekwa juu ya mto wa hariri mbele ya kiti cha enzi. Haukupita mwezi, likakauka. Likawa na rangi ya muhogo uliosahauliwa juani. Lakini nani atamwambia Sultani? Kila asubuhi wakubwa wa baraza walipita mbele ya jiwe mmoja mmoja, wakainama, wakasema, "Lang'aa, Maulana, lang'aa!" Na aliyesema kwa sauti kuliko wote alikuwa Waziri Zahorani. Yeye alikuwa akiziba macho kwa kiganja, eti mwanga wamuumiza. Naye Sultani akitazama aliona muhogo, lakini akisikia alisikia yakuti, akaona heri aamini masikio, maana macho ni mawili tu na ndimi za baraza zilikuwa arobaini.

Ikawa siku moja ikaja habari kwamba Malkia Mwana Khadiye, mtawala wa mji wa ng'ambo ya mto, atakuja Kimbirani Siku ya Mwaka, siku uingiapo mwaka mpya, kulitazama jiwe lililosifiwa. Na huyu bibi alijulikana kwa mambo mawili: pete yake ya akiki, na macho yake, ambayo hayakuwa na adabu ya kuona kisichokuwepo. Sultani akashikwa na homa. Akamwita waziri wake faraghani, akamwambia, "Waziri, jiwe lang'aa?"

"Lang'aa, Maulana, mpaka naona haya."

"Basi nataka ling'ae zaidi kidogo. Ling'ae hata kwa mtu asiyetupenda."

Waziri akafahamu. Na papo hapo likamjia jina la Mshamu, kwa kuwa alikuwa na kisasi naye. Zamani alimpelekea pete yake aing'arishe, na Mshamu akaitia kinywani mbele ya watu, akaitoa, akasema, "Bwana Waziri, jiwe hubaki baridi mdomoni kama salamu za mama mkwe. Hii imeshapata joto. Hii ni chupa, bwana wangu, tena ya mafuta ya nywele." Toka siku ile Waziri Zahorani huficha kidole kile ndani ya mkono wa joho.

Basi Mshamu akaletwa mbele ya baraza, miguu imejaa tope la gurudumu. Sultani akanena, "Ewe Mshamu, tazama jiwe hili. Nataka Siku ya Mwaka, mbele ya mgeni wangu, ling'ae kama siku niliyolinunua."

Mshamu akalitazama kwa mbali, akasema, "Maulana, hili lina ganda nene. Fundi atalikata, atalisugua, na kilichomo, kama kimo, kitang'aa. Lakini ganda litaishia njiani. Hapana kito kisichoacha mwili wake gurudumuni."

Waziri akaruka kama aliyekalia mwiba. "Mwasikia? Ataka kuipunguza dola! Leo chembe, kesho kijiji! Maulana, na ling'ae, lakini lisipungue hata chembe. Likipungua, au lisipong'aa, na ukatwe mkono wake wa kuume, ule ushikao kijiti."

Baraza zima likasema, "Na ukatwe," kwa furaha ya watu ambao mikono si yao.

Sultani akasema, "Na iwe hivyo. Iandikwe."

Waziri akaandika mwenyewe kwa wino wa masizi, akisoma kila neno, maana aliujua ujanja wa mafundi na alitaka kuziba kila tundu. "Jiwe ling'ae na lisipungue. Lisitolewe humu barazani, wala lisibadilishwe kwa jingine. Lisipakwe mafuta. Lisipakwe nta. Lisitiwe rangi. Lisimwagiwe maji." Hapo akainua uso, akamtazama Mshamu kwa dharau iliyoanzia puani. "Na ulimi wake huu mchafu, ulimi wa kulamba vitu vya njiani, usiliguse jiwe la dola hata kwa bahati mbaya."

Baraza likacheka. Mshamu naye akacheka pamoja nao, na hilo likawaudhi kidogo.

"Maulana," akasema, "amri ni njema, imetimia pande zote. Lakini fundi hafanyi kazi kwa vidole vitupu. Gurudumu langu mmelikataza, mchanga mmeukataza. Nipewe kifaa."

"Kifaa gani?"

"Nitakitaja siku ya kazi. Kimo humu humu jumbani, kila siku nakisikia kinatumika."

Sultani akaona hili ni jambo dogo. "Kila kifaa kilichomo jumbani humu utapewa, kiwe cha nani kiwe."

"Hata kikiwa cha mkubwa?"

"Hata kikiwa changu. Na neno la Sultani ni mate yaliyokwisha temwa, hayarudi kinywani."

"Marahaba, Maulana," akasema Mshamu. "Mfano huo umeniingia sana." Na Waziri akaliandika na hilo, kwa haraka, maana alikuwa akilifikiria shoka.

Mshamu akarudi kwake akamkuta mkewe, Bi Somoe, anachambua mchele wa kuazima. Akamweleza yote. Bi Somoe akaweka ungo chini.

"Mshamu we! Mkono wa kuume?"

"Wa kuume."

"Na wewe ukasema marahaba?"

"Ningesemaje, mama? Wa kushoto ni mzembe, hata wao wanajua."

"Fanya mzaha! Fanya! Ulikuwa na mdomo wa kumwambia Waziri pete yake chupa. Hukuweza kusema nzuri, ukapokea ujira wako, ukaja tukala? Sasa watakukata, nami nitakulisha kwa mkono, nikupanguse kwa mkono, na gurudumu nilishikie jiwe mimi, na nikilishika mimi litaruka linitoe jicho. Tutakuwa nyumba ya viungo nusu nusu." Akaushika ule mkono wa mumewe, mgumu kama kwato, wenye makovu ya mchanga, akautazama kama aonavyo mtu mizigo ya msafiri iliyokwisha fungwa. "Mkono huu," akasema taratibu, "ndio pekee tulionao nyumba hii usio wa kuazima."

Mshamu akaugeuza mkono ule, akautazama upande wa pili kama jiwe ghafi. Kisha akasema, "Somoe, jiwe kavu ling'aalo bila kupungua ni lipi?"

"Hapana. Labda ulilambe."

"Na mimi nimekatazwa kulamba."

Bi Somoe akamtazama usoni, akaona pembe ya mdomo inacheza. Akaokota ungo wake. "Mimi sitaki kujua," akasema. "Lakini vaa kanzu safi, kama utakufa au utaua."

Ikafika Siku ya Mwaka. Watu waliamka wakaoga, wakazima mioto ya zamani wakawasha mipya, na ngoma zikalia tangu asubuhi. Jua lilikuwa kali, lile linalokausha jasho kabla halijatoka. Baraza likajaa. Mnyonga wa Sultani alisimama mlangoni na shoka lake limenolewa, na Waziri Zahorani alikuwa amevaa joho jipya, anatafuna tambuu, mdomo mwekundu, moyo mweupe kwa furaha.

Mshamu akaingia na kanzu safi, mikono mitupu. Nje vigelegele vilikuwa vimeanza: Malkia ameshuka kwenye kiti chake cha kubebwa.

Sultani akasema, jasho linamtoka, "Fundi! Amefika! Kifaa chako ki wapi?"

"Maulana, nautaka ulimi wa Waziri."

Tambuu ikasimama katika shavu la Waziri. Kisha Waziri akalia, "Maulana! Ataka kunikata ulimi!"

"Hasha, bwana wangu," akasema Mshamu. "Kifaa kikikatwa mpini hakifanyi kazi. Nautaka palepale ulipo. Inama, uulambishe jiwe."

"Mimi? Nilambe? Mimi Zahorani, mwana wa mawaziri saba?"

"Amri yako mwenyewe imekataza maji, mafuta, nta, rangi na ulimi wangu. Nimeisoma mara mbili, wako haumo. Na kwa haki, bwana wangu, ulimi ulioling'arisha jiwe hili mwaka mzima kwa maneno, leo na umalizie kwa mate. Kazi akiianza fundi mmoja, mwingine haiingilii."

Sultani akamtazama Waziri, akatazama mlango, akasikia vigelegele vinakaribia. "Nimeapa," akasema. "Lamba."

"Maulana!"

"Lamba!"

"Kwanza asukutue," akasema Mshamu kwa upole. "Ana tambuu, na ameandika lisitiwe rangi."

Basi Waziri Zahorani akasukutua, akapiga magoti mbele ya mto wa hariri, akafumba macho, akalamba. Akalamba juu, akalamba ubavu huu na huu, na wakubwa arobaini wakiangalia na kila mmoja akimshukuru Mola kwa uzuri wa cheo kidogo. Na ikawa kweli! Popote ulimi ulipopita, jiwe lilitoka katika umuhogo wake, likaota rangi ya asali, na mistari, na mng'ao. Sultani akashika kifua. Naye Mshamu alikuwa amechutama karibu, jicho moja amelifumba, anafuata ule ulimi kila unakokwenda, na hakuna aliyejiuliza anatazama nini.

Malkia Mwana Khadiye akaingia, mwanamke mnene, mchangamfu, pete yake kidoleni. Akalitazama jiwe. "Mashallah," akasema. "Lang'aa."

Baraza likaitikia kwa pumzi moja, "Lang'aa!" na kwa mara ya kwanza hawakuwa wakisema uwongo, hata sauti zao zikatoka ngeni, hazijazoea.

Malkia akaketi, halua ikaletwa, kahawa ikamiminwa, maneno ya heshima yakaanza. Na unajua maneno ya heshima ya watawala: huyu humwuliza yule hali, yule humwuliza huyu hali ya watoto, kisha ya farasi, kisha ya mvua. Walipofika kwenye mvua, jiwe likaanza kukauka utosini. Sultani akaona muhogo unarudi. Akakohoa. Waziri akajifanya kiziwi. Sultani akakohoa tena kikohozi chenye shoka ndani yake, na Waziri akajongea kwa magoti, akalamba.

Malkia akaacha kahawa. "Huyu bwana afanya nini?"

"Ni desturi yetu," akasema Sultani. "Waziri hulibusu jiwe kwa heshima."

"Hulibusu kwa ulimi?"

"Heshima yetu ni kubwa."

Wakaendelea. Jiwe likakauka, Waziri akabusu. Likakauka, akabusu. Jua likapanda mpaka saa saba, hewa ikawa kama ya tanuri, na jiwe likawa lanywa mate kama mchanga unywavyo mvua ya kwanza. Malkia, ambaye alikwisha fahamu tangu busu la pili, hakuwa na haraka. Akaomba ahadithiwe nasaba ya Sultani tangu mwanzo. Sultani akahadithia, na kila babu mmoja alikuwa busu moja. Walipofika babu wa tisa, Malkia akasogeza pua.

"Badawi, ndugu yangu, mbona jiwe lako lanuka popoo ya tambuu?"

Hapo Waziri Zahorani akatoa ulimi wake, na ulimi ukakataa. Ulikuwa umekauka, umebanduka ngozi, umekuwa kama kipande cha jamvi. Akajaribu tena, ukatoa sauti ya ufagio. Akaanguka chali mbele ya mgeni, mbele ya baraza, akalia kwa maneno mazito, "Maulana, nihurumie! Hili si kito, ni jiwe kavu tu! Halijang'aa hata siku moja!"

Sultani akasimama polepole. "Halijang'aa?"

"Halijang'aa, bwana wangu!"

"Na asubuhi zote ulizoziba macho kwa kiganja?"

Waziri akaziba macho kwa kiganja tena. Sultani akaligeukia baraza. "Na ninyi? Ni nani aliyeliona likang'aa? Aliyeliona na aje hapa achukue zamu ya Waziri."

Ee bwana! Ungewaona wale wakubwa! Huyu alisema yeye siku zote huketi nyuma ya nguzo. Huyu alisema macho yake yana mtoto wa jicho tangu utotoni, na huyu akasema alikuwa akisema "lang'aa" lakini moyoni akisema "halijang'aa," na Mungu hutazama nyoyo. Ndimi arobaini, na hata mmoja haukutokea kulihudumia lile jiwe walilolisifu mwaka mzima. Mimi nimeketi barazani kwa watu wengi, nimekula halua yao na kuitikia "naam" zangu mbili tatu, kwa hiyo nawacheka kwa sauti ndogo, lakini nawacheka.

Malkia naye alikuwa anacheka mpaka ushungi umemwanguka. Alipopata pumzi akavua pete yake, akamwekea Sultani kiganjani. Ilikuwa akiki ndogo kama kunde, nundu yake laini kabisa. "Lilipookotwa," akasema, "lilikuwa kubwa kama kichwa cha mbuzi. Baba yangu alilia fundi alipolikata. Kisha alipoona kilichobaki, akalia tena, akamwomba radhi fundi."

Sultani akaitazama ile kunde inavyowaka, akalitazama lile jiwe lake lililolala kavu juu ya hariri. Akasema, "Mshamu. Likate."

Mshamu akakunja mikono yake kwapani. "Siwezi, Maulana. Likipungua chembe nakatwa mkono, nami bado nauhitaji, hasa kwa kulikatia. Imeandikwa."

"Nimeifuta."

"Wino bado upo."

Sultani akaitazama ile karatasi, akamtazama Waziri aliyelala chali. Na kwa mara ya kwanza mwaka ule akafikiri jambo mwenyewe, bila kusaidiwa, na likawa zuri. "Zahorani," akasema, "apewe maji anywe kidogo. Kidogo tu. Kisha aifute amri hii. Kifaa anacho."

Basi Waziri akalamba amri yake mwenyewe, neno kwa neno, tangu "ling'ae" hata "ukatwe," na wino wa masizi ukatoka karatasini ukaingia mdomoni, mpaka karatasi ikawa nyeupe na ulimi mweusi. Ndipo Mshamu alipokunjua mikono yake yote miwili. Mnyonga akalitia shoka lake kwenye ala, akaenda kula halua.

Siku ya pili lile jiwe likapelekwa kwa Mshamu, na Sultani na mgeni wake wakaja kutazama, wakaketi juu ya mkeka wa Bi Somoe uliotoboka. Sultani akauliza, "Hulilambi kwanza?"

"Limekwisha lambwa, Maulana. Jana Waziri alilipitishia ulimi kila mahali, nami nilikuwa natazama. Pande zote ni jabali tupu, isipokuwa ubavu wa kushoto, mna mshipa wa akiki mwembamba kama utambi. Nisingelilamba vizuri hivyo mimi mwenyewe. Ningechoka."

Akalipasua pale pale alipojua, akatoa kipande kama yai la njiwa, akakinatisha kijitini kwa sandarusi, akakiegemeza gurudumuni kwa mkono wake wa kuume. Kazi ilichukua siku nne, na aliyeketi kando akidondosha maji juu ya gurudumu, tone kwa tone, bila kuzidisha wala kupunguza, alikuwa Waziri Zahorani, kwa amri. Maana Mshamu alisema huyu bwana sasa ana uzoefu wa kulowesha. Ganda likaondoka, likawa tope jekundu miguuni mwao. Nyufa zikaondoka. Nundu ikaja. Mchanga laini ukapita, na laini kuliko huo, na ngozi, na majivu. Siku ya nne Mshamu alikipasha kijiti moto, kito kikaachia, kikaanguka katika kiganja cha Sultani: kadiri ya kunde, rangi ya asali ya nyuki wadogo, kikavu kabisa, na kinawaka.

Sultani akakileta karibu na jicho. Na kwa kuwa nundu ya kito husogeza kila kitu kwa namna yake, alijiona mle ndani: pua kubwa, kichwa kidogo, na kilemba kimekwenda mbali huko nyuma kama cha mtu mwingine. Akatazama sana.

"Mshamu," akasema Sultani, "ndivyo nilivyo?"

"Mimi ni fundi tu, Maulana. Ungeliuliza baraza."

Sultani Badawi akacheka. Akacheka mpaka kilemba kikaanguka kweli, kikaingia katika tope la Moyo wa Dola, na hapana aliyesema kwamba kimependeza. "Dola yangu imepungua jiwe zima na waziri mmoja," akasema, "na leo nahisi ndiyo inaanza. Omba zawadi, fundi."

Mshamu akaomba lile shamba dogo la mpunga lililo nyuma ya nyumba yake, maana pumba alikuwa akizinunua kwa watu. Akapewa, na mpunga wenyewe juu yake, na panya wake wakaacha kusafiri. Kisha akasema, "Na moja tena, Maulana. Mjini waniita Mlamba-mawe. Jina ni zuri, lina kazi ndani yake, lakini naona haya kulishikilia, maana mwenyewe halisi si mimi."

Sultani akamtazama aliyekuwa akidondosha maji. Hakukuwa na haja ya kuandika. Kabla jua halijashuka, mpiga zumari mlangoni alikwisha litungia wimbo, na tangu hapo hata leo, ukifika Kimbirani ukamwuliza mtoto yeyote nani Mlamba-mawe, hatakuonyesha nyumba ya fundi. Atakuonyesha jumba kubwa la Zahorani lenye milango saba, ambalo wenyewe hawapendi kuulizwa.

Aliyeona utamu wa hekaya hii aumeze, na aliyeona chumvi ateme. Mimi nimesema mengi, ulimi wangu umekauka, na kwa bahati njema hapa karibu hapana jiwe la mtu.